Salamu za Mshiriki wa Kumi na Tisa

Hati ya makabidhiano nimeshawaandikia na mmeisaini. Iliorodhesha funguo za maabara, seva mbili zinazopumua kwa shida, vitabu, na ile feni ambayo lazima uipige kofi ndipo izunguke. Afisa utumishi aliniuliza kama kuna kingine cha kukabidhi, nikasema hakuna. Nilidanganya. Kilikuwepo kimoja, ila fomu yake haikuwa na nafasi ya kukiandika.

Sasa niko Bomani hapa Tarime, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mama. Meza ninayo, umeme upo siku nyingi, na muda ninao kuliko ninavyojua kuutumia. Nyinyi wadogo zangu mliobaki idarani mliniomba niwaandikie safari yangu. Ya vyeo sitayaandika. Vyeo vilikuja vimechelewa, na vilinikuta nawaza mengine. Nitawaandikia kazi, na hasa kosa moja la kazi, kwa sababu hilo ndilo nililolijua vizuri kuliko yote.

Nilipofika idarani mara ya kwanza kulikuwa na kompyuta sita. Tatu zilikuwa zinafanya kazi, na kila moja ilikuwa na foleni. Msimamizi wangu, Profesa Anselmi, alikuwa mtu mfupi, mkimya, penseli haimtoki sikioni. Alinipa karatasi kumi na mbili zilizochapwa programu ya kupanga ratiba ya mitihani. Akasema, "Humu mna kosa moja. Ukilipata, njoo." Nikamuuliza nitumie kompyuta ipi.

"Kompyuta ya nini? Kosa limeandikwa na mtu. Soma kama unavyosoma barua ya mtu anayekuficha kitu."

Nilikaa na karatasi zile siku nne. Siku ya tano nikampelekea makosa mawili. Alitazama muda mrefu, akasema hilo la pili halijui, na programu aliiandika yeye mwenyewe. Kisha akafungua droo, akanipa ufunguo wa maabara. Sherehe ya kunikaribisha kazini ilikuwa hiyo, na sikupata nyingine.

Mengi aliyonifundisha yule mzee hamtayakuta kwenye kitabu. Alisema kila unachogusa kwenye mfumo wa watu ukiandike kwa kalamu, saa na dakika, kwa maana siku ukishukiwa hakuna atakayekusemea ila daftari lako. Alisema ukikuta mlango wa mtu uko wazi, mwambie mwenye nyumba, na usimwambie wa pili. Alisema pia kwamba kazi hii haina marafiki. Hilo la mwisho nilidhani ni maneno ya mtu mzima aliyechoka.

Haikuchukua muda nikamwelewa. Waliojenga mifumo walialikwa kwenye uzinduzi, wakakata keki na kupigwa picha. Sisi tuliofuata nyuma kutafuta mifumo hiyo inavuja wapi tulialikwa na nani? Kuna chuo kimoja kilichoniita nikague mfumo wao wa matokeo. Ndani ya saa moja nikaona kwamba mwanafunzi yeyote anayeweza kubadili tarakimu moja pale juu kwenye anwani ya ukurasa anaweza kuona na kurekebisha alama za mwenzake. Nikamwonyesha mkuu wa chuo. Akavua miwani, akaniuliza, "Wewe umetumwa na nani?"

"Umeniita wewe, mkuu."

Kesho yake mlinzi alinizuia getini. Tundu lenyewe waliliziba baadaye, na barua ya shukrani wakaiandika kwa jina la mtu mwingine. Idarani nako, nikikaa kwenye meza ya chai, watu walikuwa wanageuza simu zao kifudifudi. Ulianza kama utani. Miaka ikapita, utani ukaisha, simu zikaendelea kugeuzwa. Mume sikupata, na kwetu Tarime mwanamke huulizwa hilo kabla hajaulizwa jina. Nikajizoeza kunywa chai maabara. Sisemi haya mnionee huruma. Nasema ili muelewe kwa nini utafiti ule wa nyumbani ulinipendeza kupita kiasi.

Wazo lilikuwa rahisi. Makala za wataalamu wa ng'ambo zote zilisema mtu asimpe mwingine namba ya siri ya simu yake, kwisha habari. Mimi nilikua kwenye boma ambako simu ya kwanza ilikuwa ya watu kumi na mmoja. Nikataka kujua watu wa kwetu wanalinda siri namna gani pale ambapo kifaa chenyewe si cha mtu mmoja. Nikapata kibali, nikachukua kinasa sauti, daftari na fomu za ridhaa za kurasa tatu tatu, nikaanza kuzunguka: Nyarero, Nyangoto kwa wachimbaji, mpaka Mugumu upande wa Serengeti.

Siku ya kwanza Nyarero fomu zangu zilipokelewa kwa heshima na kuwekwa pembeni kwa heshima vilevile. Hakuna aliyekuwa tayari kusema neno kabla hajajua mimi ni wa nani. Kwetu hilo si udadisi, ndiyo salamu. Unataja unatoka kwa nani, mama yako aliletwa kutoka wapi, mmeoa wapi, mmezika wapi, na mwenzako anakujibu na yake, mpaka mahali fulani huko nyuma mnakuta ng'ombe mmoja wa mahari aliyewahi kutoka kwao kuja kwenu. Hapo mmeshakuwa watu, mnaweza kuzungumza. Dakika ishirini zinakwenda hivyo, kwa Kikurya, na kinasa sauti kinarekodi. Mwenzangu wa utafiti, aliyetoka mkoa mwingine, alijaribu kuanza moja kwa moja na swali la kwanza. Alipewa uji, akaambiwa kazi njema.

Mshiriki wa kumi na tisa alikuwa Nyangi, fundi cherehani mwenye baraza lake pale Nyarero, mwanamke wa rika langu. Nilimkuta anapindua kola ya shati la shule.

"Mimi nimeshahojiwa na askari wa mpakani nikitoka na vitenge Sirari," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe na hako kadude utaniweza?"

Tukasalimiana. Nikampa ukoo wangu, akanipa wake. Akasema yeye ni mtoto wa saba wa yule mwanamke aliyezaa mapacha mara mbili, na ameolewa kwa watu wa yule mzee aliyerudi kutoka vitani bila kidole gumba. Nikacheka, kwa kuwa mama yangu alikuwa anamtaja sana yule mama wa mapacha. Tukaingia kwenye maswali.

Nikamuuliza nani anaijua namba yake ya siri. "Mume wangu. Na mimi naijua yake. Ndiyo ndoa hiyo." Mumewe, Marwa, alikuwa mchimbaji mdogo kule Nyangoto na alikuwa anarudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Nikamuuliza, sasa siri iko wapi? Akasimamisha cherehani. Akatazama barabarani, akavuta droo ya cherehani, na chini ya mikebe ya vifungo akatoa simu ndogo ya vitufe.

"Siri iko kwenye simu asiyoijua."

Akanieleza. Binti yake, Robhi, alitoroka mwezi wa kumi na mbili, msimu wa kukeketa, akiwa na miaka kumi na sita. Alikimbilia Mugumu kwenye nyumba inayohifadhi wasichana, akasomeshwa, akaondoka mkoani. Marwa alipiga marufuku jina lake kutajwa ndani ya boma. Nyangi akakubali kwa mdomo. Kisha akanunua laini mnadani, miaka ile laini zilipokuwa zinauzwa zikiwa zimeshasajiliwa kwa majina ya watu usiowajua, na kila Jumamosi mchana binti yake akawa anampigia. Robhi hakumwambia yuko mji gani, kwa makusudi, ili mama asije akabanwa akasema. Kwenye simu jina lake lilikuwa Fundi Vyuma. Nyangi alinisomea namba yenyewe ya Robhi, tarakimu kwa tarakimu, kinasa sauti kikiwa wazi, anajivunia namna inavyofanana na namba ya mtu yeyote.

"Nyinyi mliosoma mnafanyaje?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kuona mpango mzuri zaidi ya huo.

Utafiti ulikwisha, mimi nikaendelea kwenda. Kila likizo nilikuwa napanda Nyarero, nakaa kwenye benchi lake, yeye anashona, mimi namshikia mkasi. Alinitania kwa vidole vyangu laini. Aliniuliza habari za maabara na kuzisikiliza mpaka mwisho. Mara mbili simu ilipigwa nikiwapo, nikaondoka barazani nikaenda kununua nyanya nisizozihitaji, nikirudi namkuta ana uso mwingine. Ngoja niseme hivyohivyo: sikuwa na rafiki mwingine. Profesa Anselmi alishafariki, na hata yeye alikuwa msimamizi kuliko rafiki.

Sasa nifike kwenye kazi. Jarida lililokubali makala yetu lilitaka tuweke pia mahojiano yote kwenye hazina ya data iliyo wazi, ili wengine wahakiki. Hili ni jambo zuri na bado naliunga mkono. Nikaandika programu ndogo, nikaiita Fagio. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye kila ukurasa, kufagia majina ya watu, vijiji, shule, makanisa, umri na namba, na kuweka herufi badala yake. Niliijaribu kwa wiki mbili. Nikasoma mwenyewe kila mahojiano mara tatu, Kikurya na tafsiri yake ya Kiingereza. Sauti zenyewe, pamoja na nakala za mwanzo zenye majina na namba, niliziharibu kama nilivyoahidi kwenye fomu. Sikuzifuta tu. Niliandika juu yake takataka mara kadhaa, diski nzima, mpaka asiwepo mtu wa kuzifufua. Kamati ya maadili ikakagua, ikapitisha. Makala ikatoka. Kwa mara ya kwanza watu walikuja kukaa kwenye meza yangu ya chai.

Baada ya miezi kadhaa nikapigiwa simu na Wankyo, mke wa kaka yake Nyangi, anayeuza vitenge sokoni hapa Bomani.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kukusumbua. Wewe ulimwandika wifi yangu mahali?"

Nikamwambia nimeandika watu wengi, bila majina.

"Basi wamemjua. Marwa amemjua. Wifi yuko hapa kwangu na mashine yake."

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja wa ukoo wa Marwa, mwanafunzi wa chuo, alipewa na mwalimu wake zoezi la kuchambua data zetu. Akafika kwa mshiriki wa kumi na tisa. Jina halikuwepo, kijiji hakikuwepo. Palikuwa na mtoto wa saba wa mama aliyezaa mapacha mara mbili, aliyeolewa kwa watu wa mzee asiye na kidole gumba. Mzee huyo alikuwa babu yake. Kijana hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alifurahi. Alikwenda msibani akawahadithia wazee kwamba mama mkubwa ameingia kwenye utafiti wa kimataifa, na akawasomea. Aliwasomea na habari ya droo.

Marwa aliondoka msibani bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akatoa simu, akachomoa laini, akaivunja kwa meno. Hakumpiga mtu. Alimwambia Nyangi arudi kwa kaka zake.

Nilifungua faili lile mbele ya dirisha, mchana kweupe, nikasoma upya. Salamu zilikuwa pale, mahojiano baada ya mahojiano, nzima kabisa. Fagio ilitafuta majina, na salamu zetu hazina majina. Na mimi niliyesoma mara tatu? Nilizipita. Nani husikiliza salamu? Mtu wa mbali angeona maneno asiyoyaelewa hapo mwanzoni, angeyakata, ayaite porojo. Mimi niliyaelewa mno mpaka sikuyaona. Mganga hajigangi, ndugu zangu. Nilikuwa nimetumia maisha yangu kutafuta mahali ambapo watu wengine wanavuja.

Andikeni hili kwenye madaftari yenu. Kabla ya kuweka chochote wazi, kipelekeni kwanza kwa mtu wa kijiji hicho, mumuulize swali moja: unamjua huyu ni nani? Kamati haitawaulizia. Programu haitawaulizia. Ningempa Wankyo ukurasa mmoja tu, angenitajia jina kabla hajamaliza mstari wa pili.

Niliondoa data siku hiyohiyo. Wenye hazina walikuwa waungwana, wakanijibu haraka, wakaniambia pia kwamba faili lilikuwa limeshapakuliwa na watu wasioweza kujulikana. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaandika sahihisho kwenye jarida, nikaeleza kosa ni langu. Nikajishtaki kwa kamati ya maadili. Kamati ilinijibu kwa barua kwamba taratibu zote zilikuwa zimefuatwa na shauri limefungwa. Nimepokea barua nyingi mbaya kazini, na hakuna iliyoniumiza kama ile.

Nikaomba ruhusa nikaja Tarime. Kabla sijajipanga kwenda kwa Wankyo, Nyangi mwenyewe akaja hapa kwa mama, ameongozana na wifi yake. Hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Hayo tutayafanya siku nyingine. Nimekuja kuchukua namba."

Sikumwelewa.

"Namba ya Robhi. Kichwani sinayo, ilikuwa kwenye laini. Laini si ya jina langu, kule kwenye ofisi ya simu wamekataa kuirudisha. Lakini wewe nilikusomea. Nakumbuka nilikusomea yote, kwenye kile kidude. Nipe."

Nilijua atakachosema akisikia, na nikamwambia. Kwamba nilifuta sauti na nakala za mwanzo. Kwamba nilifuta ili kumlinda, kama fomu ilivyosema. Akaniuliza kama haziwezi kurudi. Nikamwambia hazirudi, nilihakikisha mimi mwenyewe. Wankyo akainamisha kichwa. Nyangi alinitazama, si kwa hasira, kwa kutaka kuelewa tu.

"Kwa hiyo ya kwangu umeifuta," akasema, "ukabakiza ya watu wote."

Neno hilo ninalo mpaka leo.

Akaniuliza jambo la pili. "Siku zile uliniambia kazi yako ni kuingia mahali palipofungwa. Ingia basi. Huko kwenye ofisi ya simu wanajua nani alikuwa ananipigia kila Jumamosi. Mtafute mtoto."

Na angeweza kutafutwa, hilo lazima mlijue. Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi mahali ambapo rekodi kama hizo hupita. Ni kijana mzuri, angenifanyia bila kuuliza, kwa sababu nilimfundisha. Nilimwomba Nyangi siku tatu. Nilitoa simu, nikafungua jina la kijana yule, nikaliangalia. Nikaliangalia tena kesho yake. Nilimuwaza Robhi, msichana aliyekuwa makini kiasi cha kutomwambia hata mama yake yuko wapi. Akitafutika kwa njia yangu, atatafutika kwa njia hiyohiyo na mtu mwingine, Marwa au kaka zake, kupitia mwanafunzi wa zamani wa mtu mwingine. Nikimwomba kijana yule afungue mlango mara moja, nitamfunza kwamba hufunguka. Hivyo ndivyo nilivyojieleza.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Wankyo nikasema hapana. Badala yake nikaahidi kwenda Mugumu, kwenye ile nyumba ya wasichana. Nyangi alikuwa anakata kitambaa. Alimaliza kukata, akaweka mkasi chini, akaingia chumbani akafunga mlango. Wankyo akanisindikiza mpaka barabarani.

Mugumu nilikwenda kweli. Mlezi wa pale, mwanamke mzima mwenye sauti ya upole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawakubali wala hawakatai kwamba wanamjua msichana wa jina hilo, na kwamba habari za msichana yeyote hawampi mtu yeyote, awe profesa, awe askari. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa kuwa alikuwa anafanya kazi yangu vizuri kuliko mimi. Nikamwachia ujumbe kwenye karatasi: kama atawahi kuuliza, mama yake yuko Bomani kwa mjomba, na namba ya Wankyo. Aliikunja karatasi bila kuisoma mbele yangu.

Mpaka leo sijui kama nilikataa kwa ajili ya Robhi au kwa ajili ya kanuni. Nimejiuliza sana. Miaka ile iliyobaki kazini nilifundisha, nilisahihisha, nilisimamia tasnifu zenu, na kila mlipofika kwenye sura ya faragha mlikuwa mnaniona nakuwa mkali. Mlidhani ni uzee. Kila Jumamosi mchana nilikuwa nawaza kwamba mahali fulani msichana anapiga namba isiyopatikana, au ameshaacha kupiga, na kwamba mama yake hajui ni lipi kati ya hayo mawili.

Nilipostaafu nikarudi hapa, kwa sababu nyumba ipo na kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nyangi alikuwa anaishi kwa kaka yake, mitaa miwili kutoka kwangu, anashonea kwenye kibanda cha Wankyo sokoni. Nilimwona kanisani, benchi la nyuma upande wa akina mama. Nilimtumia salamu kwa Wankyo mara nyingi. Zilifika, Wankyo aliniambia zimefika. Nilipopita kibandani nilimwamkia, naye alikuwa anaitika kwa kichwa, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Wanawake wa rika letu wanakutana Alhamisi kwenye kikundi, na mimi nimealikwa, nimekwenda mara mbili. Wananiita mwalimu, wananipa kiti kizuri peke yangu. Nikifika wanabadilisha mazungumzo. Nawaelewa. Habari ya droo ilisomwa msibani, na mwandishi wake alikuwa mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Wankyo kuchukua kitenge. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa khanga, kiti kimegeuzwa juu ya meza.

"Wifi yako anaumwa?" nikauliza.

"Haumwi, mwalimu. Amesafiri."

Akaendelea kukunja vitenge, pindo kwa pindo. Nikangoja. Wankyo si mtu wa kuficha furaha, na ilikuwa imemjaa mpaka mikono inakosea kukunja.

"Amekwenda kupakata mtoto," akasema. "Robhi amejifungua salama. Mvulana."

Machozi yalinitoka pale sokoni, watu wanapita, na sikuyafuta. Nikauliza amempataje, tangu lini wanaongea, ni wale wa Mugumu? Yuko wapi, mkoa gani, anaendeleaje? Niliuliza yote kwa pamoja, mimi niliyefundisha watu miaka yote ile kwamba swali moja linatosha.

Wankyo aliweka kitenge chini.

"Mwalimu, nisamehe. Wifi alisema nisimwambie mtu. Nikamuuliza, hata mwalimu? Akasema, hasa mwalimu."

Akanitazama kwa wasiwasi kama nitakasirika. Nikamwambia Nyangi amepanga vizuri, na yeye ashike hapohapo, asiniambie hata siku nikija kumbembeleza.